Mimweko Katika Video za Muziki: Mlinde Mtoto Mwenye Kifafa

Akina mama wengi, tunapokagua video za muziki wanazotazama watoto wetu, huangalia mavazi na maneno ya wimbo. Ni vema. Lakini lipo jambo jingine, nalo limo katika namna picha zinavyopigwa na kuunganishwa. Kwa watoto wachache jambo hilo laweza kuamsha kifafa.

Video hutengenezwaje?

Wimbo uliokwisha kurekodiwa hupigwa, na mwimbaji huufuatisha kwa midomo, tena na tena. Kamera huhamishwa: mara mbali, mara karibu na uso, mara chini ili aonekane mrefu. Baadaye mhariri hukata vipande hivyo na kuviunga kwa kufuata mapigo ya ngoma.

Mkato wa kawaida hauna madhara. Hatari huja panapokuwa na mimweko, yaani mwanga unaowaka na kuzima ghafla mfululizo: picha ya giza na nyeupe zikifuatana upesi, au taa za jukwaani zikimetameta. Hebu tupige hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una mapigo 2 kwa sekunde. Mhariri akiweka mmweko mmoja kwa kila pigo, ni 2 kwa sekunde. Akiweka miwili, ni 4. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo huamsha kifafa zaidi kwa wale wanaodhurika na mwanga.

Mifano ya kweli

Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mimweko myekundu na ya buluu, kama 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Baadhi walipatwa na kifafa. Wengine kichefuchefu na maumivu ya kichwa.

Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya muziki. Video ya Kanye West, "All of the Lights", ilijaa mimweko. Shirika la Epilepsy Action la Uingereza lililalamika, na onyo likawekwa. Televisheni za Uingereza zimewekewa kikomo cha mimweko 3 kwa sekunde, lakini video nyingi zinazofika kwenye simu za watoto wetu hazipitii ukaguzi wa namna hiyo.

Tufanye nini nyumbani?

Usiogope kupita kiasi. Kati ya watu 100 wenye kifafa, wapatao 3 tu ndio hudhurika na mwanga, hasa watoto wakubwa na vijana. Hata hivyo:

• Washa taa chumbani, na mtoto akae mbali na televisheni, angalau mita 2.
• Mimweko ikianza, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka. Kufumba macho tu hakutoshi.
• Asiache dawa zake hata siku moja.

Akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo shingoni. Usimtie kijiko kinywani wala kumshika kwa nguvu. Mtukutiko ukiisha, mlaze ubavu. Ukipita dakika 5, mpeleke hospitali haraka. Usiogope mate yake, kifafa hakiambukizi.

Wala tusiseme upesi kwamba ni pepo. Tumwombee mtoto, na dawa tumpe. Luka mwinjili naye alikuwa tabibu.

Nanyi mnaosimamia kwaya za vijana, siku ya kurekodi video mwambieni mhariri mapema: mimweko isizidi 3 kwa sekunde. Wimbo wa sifa usimwangushe mtoto wa jirani.