Filamu pendwa nazo zina haki kabatini

Upo mjadala ambao kwa muda mrefu umekuwa ukiendelea chini kwa chini miongoni mwa wapenzi wa filamu jijini Nairobi. Je, filamu inayopendwa na umma, ile inayojaza majumba ya sinema na kuwafanya vijana wapige mbinja, inastahili kuwekwa katika kabati moja na filamu zinazotukuzwa na wataalamu? Wapo wanaolijibu swali hili kwa kukunja pua. Mimi nasema naam, inastahili, na sababu zangu nitazieleza.

Nina rafiki yangu, mkazi wa Lavington, ambaye kwa miaka mingi amekusanya filamu katika kanda na diski. Kabati lake limesheheni kazi za Ousmane Sembène wa Senegal, Satyajit Ray wa India na Akira Kurosawa wa Japani. Hivi sasa amekusudia kuutoa mkusanyiko huo kwa maktaba ya vijana huko Kawangware, mwendo mfupi tu kutoka langoni kwake. Hilo ni jambo jema na nampongeza. Hata hivyo, vijana walipomwomba aongeze filamu za mapigano wanazozipenda, alikataa katakata. Maktaba, alisema, si kibanda cha video.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Anadai kwamba filamu pendwa ina fedha na matangazo ya kuitetea, ilhali filamu ya Sembène haina mtetezi ila mkusanyaji. Nafasi kabatini ni haba, kwa hivyo kila diski ya mizinga na magari yanayolipuka humfukuza mnyonge mmoja mlangoni. Isitoshe, anaongeza, watu hawahitaji maktaba ili kukiona kile wanachokiona kila siku.

Tuanze na suala la heshima. Kampuni ya Criterion ya Marekani, ambayo jina lake ni kama muhuri wa ubora kwa wakusanyaji wa filamu, ilianza kazi mwaka 1984 kwa kutoa filamu mbili katika diski za leza. Moja ilikuwa Citizen Kane ya 1941, inayosifiwa na wahakiki hadi leo. Ya pili ilikuwa King Kong ya 1933, hadithi ya sokwe jitu anayekwea ghorofa huku umati ukipiga mayowe. Baadaye kampuni hiyo hiyo iliitoa Armageddon ya 1998, filamu ya kimondo na makombora. Nayo serikali ya Marekani ilipoanzisha orodha yake ya filamu za kuhifadhiwa, orodha ya kwanza ya mwaka 1989 iliiweka Star Wars ya 1977 pamoja na Citizen Kane. Ikiwa wenye kabati kubwa hawakuona aibu, sisi tunaona aibu ya nini?

Hata hivyo, hoja yangu kuu haitoki ng'ambo. Inatoka hapa petu, na inahusu dhana kwamba kinachopendwa na wengi hakiwezi kupotea. Mwaka 2010, katika mtaa wa mabanda wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? Filamu hiyo ilikuja kutazamwa na mamilioni ya watu duniani. Lakini nakala asilia haipo tena, kwani mtengenezaji alilazimika kuifuta ili apate nafasi ya filamu nyingine katika kompyuta yake. Iliyobaki ni ile ya diski, yenye sauti ya msimulizi anayeshangilia na kutania juu ya picha. Baadaye ni hifadhi moja ya filamu ya Marekani iliyoitoa kwa diski bora. Kupendwa, kumbe, si kinga dhidi ya kupotea.

Hapa Nairobi hali si tofauti. Majumba ya sinema ya katikati ya jiji yaliyovuta foleni ndefu, mengi yalifungwa na kugeuzwa kuwa maduka au makanisa. Odeon imebaki kuwa jina la kituo cha matatu midomoni mwa makanga. Kawangware na Kangemi, umma uliishia katika vibanda vya video, na huko ndiko ilikostawi sanaa ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, sanaa ambayo DJ Afro ameifanya ijulikane nchini kote. Msimulizi huyo humpa shujaa wa Hong Kong jina la mtaani, humfanyia adui dhihaka, na huigeuza hadithi ikawa yetu. Je, huyu si fanani kama mtambaji wa ngano? Mtafiti wa miaka hamsini ijayo atakayetaka kujua watu wa Kawangware walicheka nini, atakipata wapi ikiwa kila kabati lilikuwa na Kurosawa peke yake?

Isitoshe, mpaka wenyewe kati ya filamu pendwa na filamu bora ni wa kuchorwa mchangani. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilijaza majumba ya sinema jijini, na papo hapo ikawa filamu ya kwanza kuwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018. Inahusu nini? Inahusu binti mgonjwa anayeabudu filamu za mapigano, zile zile ambazo rafiki yangu anazifungia mlango.

Nenda basi katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, ukatazame mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Humo mna mapambo, silaha na vitambaa vilivyotumiwa na watu wa kawaida. Murumbi hakusema kwamba vitu vya umma si vya heshima. Kwa kuvihifadhi, aliviongezea heshima.

Sisemi kila takataka ikusanywe. Maktaba sharti ichague, na sharti inunue nakala halali. Nashauri filamu pendwa iulizwe maswali matatu: je, watu waliitazama tena na tena? Je, ilibadilisha namna wanavyosema, wanavyocheka au wanavyotengeneza filamu zao? Na je, ikipotea leo, nani mwingine ana nakala? Itakayojibu vyema ipewe nafasi, hata kama Sembène itambidi asogee kidogo.

Ama kwa rafiki yangu, namsihi awape vijana kabati lake zima, kisha awaachie rafu moja wachague wenyewe. Kijana akija kuchukua filamu ya mapigano, macho yake yatapita juu ya Kurosawa aliye kando yake, na huenda siku moja akamchukua. Asipoikuta ile ya kwanza, hataingia kamwe, na kabati hilo tukufu litabaki kukusanya vumbi huko Kawangware kama lilivyokusanya Lavington.