Jino Moja Mbele, Nduthi Itulie

Kuna wasee huendanga Grogan kununua spea na form moja tu kwa kichwa: nduthi ikimbie. Wanaitisha sproketi kubwa ya mbele, fundi anafunga, wakifika Mlolongo wanafungua moto yote, alafu wanashangaa mbona mshale wa spidi umegoma palepale. Saa zingine hata umeshuka. Buda, ukicheza na sproketi hauongezi nguvu. Boxer 150 ilitoka kiwandani na farasi kama 12, na hakuna chuma utafunga kwa cheni ikuletee wa 13. Chenye unanunua ni utulivu. Na kwa mse anatoka Nairobi akiishia Mombasa na kanduthi kadogo, kilomita 480 hivi, mimi naona utulivu unashinda spidi mbali sana.

Cheki hesabu. Tuseme yako iko na meno 14 mbele na 42 nyuma. Zako zihesabu mwenyewe, usiamini mtu, juu kila modeli iko na zake na huenda mwenye alikuuzia alikuwa ashazichezea. 42 gawanya na 14 unapata 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndio gurudumu lizunguke mara moja. Weka 15 mbele, hio 3 inashuka inakuwa 2.8. Kama kwa spidi fulani injini ilikuwa inapiga mizunguko 7,000 kwa dakika, sasa kwa spidi ileile itapiga kama 6,530. Unaweza pia kuacha ya mbele na utoe meno matatu nyuma, ibaki 39, na utajipata karibu palepale. Lakini ya mbele ndio rahisi kwa mfuko, na kuitoa si kazi mob.

Najua utaniambia mizunguko 470 ni kitu gani. Sasa skia. Ile nguvu ya pistoni kutikisa injini haipandi pole pole na mizunguko, inapanda kwa mraba wake. Ukitoa asilimia 7 ya mizunguko, mtikiso unapungua kama asilimia 13. Na nduthi zetu mob ni pistoni moja, zingine hata hazina shafti ya kusawazisha huo mtikiso. Hapo ndio vidole hufa ganzi ukikaribia Sultan Hamud, vioo vinakuonyesha trela tatu na ni moja inakuja, na bolti za namba pleti zinajifungua polepole bila kukuuliza. Hata kelele ndani ya helmeti inashuka, na hio kelele ndio humaliza mtu kabla ya matako.

Wasee wa boda wao hufanya kinyume, na wako sawa kabisa. Mse wa boda anabeba wasee wawili na kreti za soda, anaanza kusonga na kusimama siku mzima, kila tuta ni mlima. Yeye anataka sproketi kubwa nyuma ama ndogo mbele, nduthi ivute kutoka chini. Kwa hivyo ukienda kwa fundi wa stendi umwambie unataka kusafiri, atakuangalia vibaya kidogo, kisha atakupea ushauri wa kubeba mzigo. Mshow wazi: naenda mbali, niko solo, begi moja.

Lakini hii stori haifanyi kazi kila barabara, na hapa ndio watu hubugi. Nairobi yenyewe tuko juu, kama mita 1,700. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 ukipanda. Fika Timboroa, mahali umepita mita 2,700, wale farasi 12 wamebaki kama 9 hivi. Sasa weka gia ndefu, yaani hio 15 mbele, juu ya hio. Utapanda na gia ya tatu nyuma ya lori la sukari ukimeza moshi, na ukijaribu kuweka ya nne injini inakata pumzi. Kama ruti yako ni ya kupanda-panda, Nakuru kwenda Eldoret kila wikendi, baki na ile ya kiwanda. Mombasa Road ndio nyumbani kwa gia ndefu: kutoka Nairobi unashuka, na kabla ujue uko Emali, Kibwezi, Mtito Andei, lami imenyooka mpaka Voi. Isiolo kwenda Marsabit pia ni tamu, ile lami haina kona za maana, lakini upepo wa huko ukikushika uso kwa uso utakurudisha gia ya chini ukipenda usipende.

Ndio maana mimi husema jino moja. Kuna morio atakushow weka mawili, "utaskia raha." Mawili kwa hio hesabu yetu ni 42 kwa 16, gia imerefuka mpaka ya mwisho inakuwa pambo. Utasafiri na ya chini yake, na mizunguko itarudi juu kama vile ilikuwa, ganji imeenda bure. Usisahau pia gia ya kwanza imerefuka na zingine zote. Kwa jam ya Waiyaki Way, ukitoa klachi polepole kila mita mbili, ni klachi inalipa hio raha yako ya Tsavo. Mafuta nayo? Ukienda mpole kwa tambarare inaweza kupungua kidogo. Ukienda umefungua moto yote ukipigana na upepo, sahau.

Siku ya kufunga, simama hapo. Kifuniko cha kushoto kikitoka utakutana na matope na grisi nyeusi imeshikana kama ugali wa jana. Mwambie fundi aitoe yote ndio uone meno. Alegeze bolti za sproketi ya mbele kabla atoe cheni, wewe ukiwa umekanyaga breki ya nyuma, la sivyo inazunguka tu. Kama meno ya zamani yamechongoka na kulalia upande mmoja, nunua seti mzima, juu cheni iliyovutika itakula sproketi mpya haraka sana. Kama cheni bado iko fiti, jino moja litavuta gurudumu la nyuma mbele kama milimita tatu, na nduthi mob ziko na hio nafasi. Alafu zungusha kwa mkono uskie kama sproketi inakwaruza kifuniko. Kuna zenye haziachi nafasi ya jino la ziada, na hio ngori ni heri uijue Grogan kuliko njiani pale Salama. Klipu ya cheni, upande uliofungwa uelekee kule cheni inaenda. Fundi akiweka ukiangalia nyuma, mrudishe.

Mita ya spidi inategemea. Kama inasomwa na kebo ya gurudumu la mbele, haijali chenye umefanya. Zile za kidijitali zenye sensa iko kwa gia boksi zitakudanganya: unaona 80, kumbe uko karibu 86, na sanse mwenye yuko na kamera haulizi ulifunga meno mangapi.

Ile sproketi ya 14 usiitupe. Itoe grisi, ifunge vizuri, iweke chini ya kiti. Disemba mathe akitaka kubebwa ushago na gunia la waru nyuma, utairudisha asubuhi hiyohiyo kabla ya chai.