Chini ya Nini? Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Kenya Open

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya gofu, lakini msomaji ataona kwamba ina nafasi yake uwanjani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi matokeo ya mashindano ya gofu ya Kenya Open yanavyosomwa, na kuonyesha kwamba orodha ya washindi wake ni matini yenye historia ndani yake.

Kilichonisukuma kuandika ni swali. Mwezi wa Februari 2025 nilikuwa nyumbani Nyacheki, katika Kaunti ya Kisii. Redio ya mjomba wangu ilitangaza kwamba Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini ametwaa ubingwa huko Muthaiga, Nairobi, kwa mikwaju kumi na minane chini. Mjomba aliweka kikombe cha chai mezani akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesomea Kiswahili mpaka shahada ya pili, hebu nieleze. Chini ya nini?" Nilianza kujibu kwa ujasiri, nikamalizia kwa maneno ya Kiingereza. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Bado hujanieleza." Naye alisema kweli.

Hesabu ya mapigo

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Kila shimo limewekewa idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuyatumia, tangu anapoanzia hadi kijipira kinapotumbukia: aghalabu matatu, manne au matano. Idadi hiyo tuiite kipimo cha shimo. Tukijumlisha vipimo vya mashimo yote 18 tunapata kipimo cha uwanja. Katika mashindano haya, kipimo cha Muthaiga kilikuwa 71.

Mashindano huchukua siku nne, na kila siku mchezaji huzunguka uwanja mara moja. Baada ya siku mbili hufanywa mchujo: wachezaji wapatao 65 wa mbele, pamoja na waliofungana nao, huendelea, wengine hufunga virago. Anayefika mwisho huwa amecheza mashimo 72. Basi 71 mara nne ni 284. Kruyswijk alitumia mapigo 266, yaani 18 pungufu ya kipimo. Hiyo ndiyo maana ya "chini". Aliyemfuata, John Parry wa Uingereza, alitumia mapigo 268.

Ugumu wa msikilizaji unatokana na mazoea. Katika kandanda, anayefunga mengi ndiye mshindi. Katika gofu, anayetumia machache ndiye mshindi. Lakini dhana hii si ngeni kwetu. Watu wawili wakipewa magogo yanayolingana, tunamsifu anayepasua lake kwa mapigo manne ya shoka kuliko anayepasua kwa saba. Mjomba alipopewa mfano huo, hakuhitaji mwingine.

Ndege na zimwi

Istilahi za mchezo huu ni hazina kwa mwanafunzi wa fasihi, kwa kuwa zimejaa sitiari. Kwa Kiingereza, anayemaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya kipimo husemwa amepata ndege mdogo. Akipunguza mawili, amepata tai. Akipunguza matatu, jambo ambalo ni nadra mno, amepata albatrosi, ndege wa baharini mwenye mabawa marefu ajabu. Kadiri mafanikio yanavyokua ndivyo ndege anavyokuwa mkubwa.

Anayezidisha pigo moja hupewa jina lenye asili ya zimwi la wimbo uliovuma Uingereza katika miaka ya 1890. Watangazaji wetu huyabeba maneno haya jinsi yalivyo, na msikilizaji akabaki na sauti isiyo na picha. Ninapendekeza tuseme kidege, tai na zimwi. Mchezaji aliyepata videge vitano na mazimwi mawili katika siku moja atakuwa mapigo matatu chini ya kipimo, na hata mtoto wa shule ya msingi ataweza kupiga hesabu hiyo.

Orodha na historia yake

Kenya Open ilianza mwaka wa 1967 huko Muthaiga, na mshindi wa kwanza alikuwa Guy Wolstenholme wa Uingereza. Mwenzake wa taifa hilo, Maurice Bembridge, alishinda mara tatu: 1968, 1969 na 1979. Mwaka wa 1978 alishinda Mhispania Seve Ballesteros, ambaye mwaka uliofuata alitwaa taji la Open ya Uingereza, na mwaka wa 1980 akashinda Masters huko Augusta, Marekani. Ian Woosnam wa Wales alishinda Nairobi mwaka wa 1986 na Masters mwaka wa 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda Kenya mwaka wa 2000 na Masters mwaka wa 2008. Hivyo mabingwa watatu wa Augusta walipitia kwetu kwanza.

Tangu 1991 mashindano haya yalikuwa katika daraja la pili la Ulaya. Mwaka wa 2017 alishinda Aaron Rai wa Uingereza, ambaye mama yake ana asili ya Kenya. Mwaka wa 2019 yalipandishwa hadi daraja la kwanza, na Mwitaliano Guido Migliozzi akawa mshindi katika uwanja wa Karen. Baadaye, huko Muthaiga, walishinda Ashun Wu wa Uchina kwa mapigo 268 mwaka wa 2022, Jorge Campillo wa Uhispania kwa 266 mwaka wa 2023, na Darius van Driel wa Uholanzi kwa 270 mwaka wa 2024.

Mhakiki wa fasihi hufunzwa kusoma pia kisichoandikwa. Tangu 1967 hadi 2025, hakuna jina la Mkenya katika orodha ya washindi. Kimya hiki kina sababu zake. Gofu ililetwa na wakoloni. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia katika viwanja kama hivyo kama mfanyakazi, si mwanachama. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walijifunza mchezo wakiwa makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya fimbo. Kedi huujua uwanja kwa nyayo zake: mteremko huu unavuta kushoto, nyasi hizi zinapunguza mwendo. Lakini kuujua uwanja si sawa na kupewa nafasi ya kufanya mazoezi humo kila siku, wala hakununui fimbo.

Hata hivyo, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwaka wa 1998, baada ya mashimo 72, Mkenya Jacob Okello alikuwa amefungana na Ricardo González wa Argentina. Ikabidi waongezewe mashimo ya kuamua mshindi, na González akashinda. Orodha ya mabingwa inamtaja González peke yake.

Hitimisho

Nilipomaliza kumweleza mjomba haya yote, kwa Kiswahili kitupu mara hii, aliniuliza swali moja tu: "Huyo kijana wetu wa 1998, katika zile siku nne alizidiwa mapigo mangapi?" Nikamjibu, "Hata moja, mjomba." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe. Na sisi hatukuambiwa."

Huenda aliambiwa, ila kwa maneno asiyoyaelewa. Hapo ndipo lilipo jukumu letu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Istilahi si pambo la kamusi. Mwananchi asiyeweza kusoma matokeo hawezi kujua ni lini mwenzake alikaribia kushinda, wala kuuliza ni nini kilichomzuia. Tuzitafute istilahi hizi, tuzijadili katika vikao vyetu, kisha tuwapelekee watangazaji, ili siku jina la Mkenya litakapoingia katika orodha ile, habari zake zifike Nyacheki zikiwa zinaeleweka.