Usiniulize Mko Wangapi

Swali limerudi tena, na safari hii lilikuja kwenye kioo cha simu. Kijana mmoja wa Buruburu, ambaye babu yake alikuwa seremala Mpunjabi wa reli na nyanya yake ni mzaliwa wa Pumwani, alinionyesha ukurasa wa intaneti unaodai kwamba jina la ukoo wao linabebwa na watu wa kujaza matatu mbili tu, dunia nzima. "Mwalimu," akasema, "hawa wote ni damu yetu. Nisaidie kuwapata." Chini ya ukurasa palikuwa na kitufe cha kununua cheti cha asili ya jina, chenye ngao na simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma.

Nimeulizwa swali hili kwa barua, harusini, hata matangani huku jeneza likisubiriwa. Umbo lake halibadiliki: jina letu la Kihindi ni nadra, kwa hivyo. Baada ya hiyo "kwa hivyo" kila mtu hutia lake. Kwa hivyo sisi sote ni ukoo mmoja. Kwa hivyo babu alitoka nyumba ya kifalme. Kwa hivyo kuna shamba Punjab linatungoja. Unadra wa jina hauthibitishi hata moja kati ya haya, na ule unadra wenyewe kwa kawaida haupo.

Twende Kaloleni. Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye ukumbi wa mtaa huo, chama cha Waafrika cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja, na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama kudai uhuru kamili, na udaiwe sasa. Tarehe 15 Mei alikamatwa, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Historia hiyo watoto wa Eastlands wanaifahamu. Wasichojiuliza ni hili: jina la ukoo la mtu yule lilikuwa lipi?

Ukimjibu karani, ni Singh. Karani huchukua neno la mwisho kwenye mstari na kulitia kwenye kisanduku cha jina la ukoo. Lakini ukoo wake ni Jabbal, na mwanawe, mhandisi anayejulikana sana katika mambo ya umeme nchini, huandikwa Hindpal Singh Jabbal. Sasa chukua hesabu za intaneti uziweke juu ya nyumba hii moja. Baba anahesabiwa katika mojawapo ya majina yaliyoenea kuliko yote duniani. Mwana anahesabiwa katika jina nadra. Baba na mwana, na kwa mujibu wa ukurasa ule wa simu hawajuani.

Singh si jina la ukoo, wala halikuwahi kukusudiwa kuwa. Mwaka 1699 huko Anandpur, Guru Gobind Singh alipounda Khalsa, jumuiya ya Kisikh, wanaume walioingia walipewa Singh na wanawake wakapewa Kaur, na shabaha mojawapo ilikuwa kuzima yale majina yanayotangaza tabaka la mtu kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo kaka ni Singh na dada ni Kaur, tumbo moja, na orodha ya neno la mwisho inawatenganisha kama wageni waliokutana kituo cha basi. Jina la ukoo lenyewe, ambalo Wapunjabi huliita got, hukaa nyuma, mara likitajwa, mara likifichwa. Bingwa wetu wa Safari Rally wa mwaka 1965, 1974 na 1976 anakumbukwa na kila mtu kama Joginder Singh. Ukoo wake ni Bhachu. Ukimtafuta kwa Bhachu, umempoteza. Ukimtafuta kwa Singh, umempata pamoja na mamilioni.

Na hapana, neno letu simba halikutoka kwa Singh. Najua Singh maana yake ni simba, kutoka Kisanskriti, na najua yule mwalimu wako wa shule ya msingi aliyekuambia Waswahili walilikopa. Mgiriama husema tsimba, na Mzulu aliye mbali kabisa na bandari ya Mombasa anayo insimba, ambaye kwake ni yule mnyama mdogo tunayemwita kanu. Ni neno la Kibantu, limefanana tu na lile jingine. Neno tulilochukua kutoka Punjab ni Kalasinga, ambalo asili yake ni jina la mtu, Kala Singh, nasi tukaivisha jamii nzima ya Masikh.

Sasa tazama jinsi unadra unavyotengenezwa. Jina Jabbal kwa Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, lina alama inayokaza sauti ya b. Lipeleke kwa karani wa kikoloni anayeandika kwa herufi za Kiingereza, mbele yake foleni, nyuma yake feni iliyoharibika. Leo ataandika Jabbal, kesho Jabal, na mwenzake wa kituo kingine ataandika Jubbal. Ndugu wawili walioshuka meli moja wanaweza kutoka na tahajia mbili, na wajukuu wao wakawa na majina mawili "nadra" yasiyohusiana popote kwenye kompyuta. Kisha anakuja msomaji wangu wa Umoja kuniuliza kama Jabbal ndiyo jabali yetu, mwamba. Hapana. Jabali ni Kiarabu, ni mlima. Majina hayawi ndugu kwa sababu yanafanana mdomoni.

Ikiwa bado huamini kwamba jina na damu ni vitu viwili, nenda uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, siku ya mechi, usimame nyuma ya goli uite "Otieno!" Hesabu shingo zitakazogeuka. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema watu wote waliozaliwa usiku wana babu mmoja. Hapo mtaani hili linaeleweka bila kufundishwa. Lakini mtu huyohuyo akiona Patel wawili kwenye magazeti anauliza kama ni ndugu! Patel ni cheo cha mkuu wa kijiji kilichogeuka jina, na Gujarat ina vijiji maelfu. Mistry ni fundi mkuu. Darji ni fundi cherehani. Soni ni mfua dhahabu, na neno lenyewe unalijua tangu utotoni, maana ni jamaa wa sonara wetu. Hesabu ya akina Soni inakuambia mapambo yalipendwa. Haikuambii chochote kuhusu babu yako.

Upande wa pili wa kosa ni mbaya zaidi, kwa sababu unavutia: jina likiwa nadra kwelikweli, watu hudhani ni la kale. Mara nyingi ni changa. Miongoni mwa Mabohora na Makhoja, Waislamu wa asili ya Kihindi, mtu alifuatisha jina la baba, na lile jina la baba likagandishwa na makaratasi ya hapa likawa la ukoo milele. Mkandarasi aliyeletea reli vibarua na chakula, Alibhai Mulla Jeevanjee wa Karachi, alibeba jina la babake, Jivan, likafungwa mkia wa heshima, ji. Visram katika jina la mfanyabiashara Allidina Visram ni baba vilevile. Majina ya namna hii yana vizazi vichache tu, hayajapata muda wa kuzaana. Mwenye jina kama hilo akiniambia lina historia ya miaka elfu, namwuliza alizaliwa lini babu wa babu yake. Huwa hajui.

Goa nako ni kisa kingine. Wareno walipobatiza, watu walipewa majina ya Kireno, mara nyingi ya padre au ya msimamizi wa ubatizo, na kijiji kizima kikaweza kuamka Jumatatu wote wakiwa Fernandes. Lakini zingatia Zuzarte, ambalo ni nadra hata kwa Wagoa. Mtoto wa Peter Zuzarte, mama yake Mmaasai, alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, akaja kuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966. Tunamwita Joseph Murumbi, kwa jina la upande wa mama. Wahesabu akina Zuzarte wa Kenya utakavyo: makamu wa rais hutampata.

Halafu kuna kuondoka. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613 nchini. Sensa ya 2019 iliwahesabu raia 47,555 na wasio raia 42,972. Kati ya tarakimu hizo kuna sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967, kuna Uingereza kufunga mlango Machi 1968, kuna familia zilizouza nyumba za Islii na Pangani kwa wiki moja. Jina lililoonekana kujaa Juja Road sasa limejaa Leicester. Nadra wapi, basi, na lini? Kanada nayo, mpaka mwaka 2007, ilikuwa ikiwaambia waombaji kutoka India kwamba Singh na Kaur hayatoshi kuwa jina la ukoo, watafute jingine. Wengine walirudisha got iliyokuwa imelala vizazi viwili. Kwenye orodha yakaonekana majina "mapya" yakizuka ghafla. Ukoo haukuwa umezaa hata mtoto mmoja wa ziada.

Na hizo tarakimu za intaneti hutoka wapi? Sensa yetu inauliza kabila, haitangazi hesabu ya majina ya koo. Kurasa zile huokoteza vitabu vya simu, orodha za wapiga kura na akaunti za mitandao, kisha hupiga makadirio na kuyaandika kana kwamba kuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba. Mwanamke aliyeolewa huhamishwa. Marehemu hubaki. Aliyekosewa herufi huwa kabila jipya. Kuhusu zile ngao zenye simba, hata Uingereza kwenyewe nembo hutolewa kwa mtu na uzao wake, haitolewi kwa kila mwenye jina. Seremala wa Punjab aliyelala kwenye nyumba za reli hakuwa na ngao. Alikuwa na randa na msumeno, na hivyo ndivyo ningevitundika ukutani.

Afadhali niseme pia, kwa kuwa najua swali linalofuata: si kila Mhindi alikuja na reli. Vibarua 31,983 waliletwa kuijenga, 2,493 walifariki, na waliobaki hapa baada ya kazi ni 6,724. Wengine wote ni nauli zao wenyewe, wakiwemo mafundi wengi waliokuja baadaye kuajiriwa na reli ambayo tayari ilikuwa inatembea. Babake Makhan Singh, Sudh Singh, alikuja mwaka 1920, na mwana akamfuata mwaka 1927.

Basi mtu afanye nini? Haraka haraka, maana nafasi inaisha. Tafuta vitu vinne: jina la baba wa babu, got au tabaka la kazi, kijiji, na dini aliyofia. Kitafute kijiji kabla ya vingine, kwa sababu bila hicho hakuna mlango utakaofunguka. Cheti cha ndoa na cha kifo cha babu mara nyingi hubeba jina kamili kuliko kitambulisho. Ndoa ikiwa ya Kiislamu, uliza kwa kadhi. Ukiwa wa asili ya Goa, madaftari ya ubatizo ya parokia, kuanzia na ya hapo Islii. Gazeti rasmi la serikali huchapisha matangazo ya mirathi na ya kubadilisha majina, na matoleo ya zamani yanasomeka bure kwenye intaneti, hiyo hiyo intaneti yako. Nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, jengo lililokuwa Benki ya India, na ukiwa ndani mpitie Murumbi, mkusanyiko wake uko humo. Tafuta kila tahajia unayoweza kuiwazia na tatu usizoweza. Familia ikiwa ya Kihindu, au ya Kisikh ya zamani, kuna makuhani wa Haridwar kandokando ya Ganga ambao kwa vizazi wameandika koo katika madaftari marefu yaitwayo bahi, yamepangwa kwa kijiji na ukoo, na mengi yalipigwa picha za filamu. Watakuuliza kijiji. Kipimo cha DNA kitakuonyesha binamu, kama binamu naye amepima. Hakisomi majina.

Haya yote nilimwambia yule kijana wa Buruburu, polepole kuliko nilivyoandika hapa. Akanakili kwenye simu. Nikamwuliza kijiji cha babu yake. Hakijui. Jina la baba wa babu? Halijui.

"Nyanya yako bado yuko?"

"Yuko, Mwalimu. Anakaa Shauri Moyo."

"Umemuuliza?"

Akatazama kioo cha simu, akakifuta kwa mkono wa shati. "Nyanya hajui kusoma," akasema. Nikamwuliza kama ule ukurasa ulikuwa umeshamkata pesa za cheti. Ulikuwa umeshamkata. Nikampa nauli ya kwenda Shauri Moyo.