Tupunguze uzito kwa pamoja

Ndugu wakazi wa kambi, wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kuwa kitambi ni dalili ya neema. Wengine huogopa kupungua wasije wakasemwa kuwa wana UKIMWI. Lakini uzito uliozidi huchangia presha na kisukari, na presha huweza kuleta kiharusi bila dalili ya awali.

Mtu akiwa peke yake hukata tamaa upesi. Jiungeni majirani kumi. Kwanza mpimwe uzito na presha zahanati. Kisha tembeeni kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Nyumbani, punguzeni ugali, ongezeni maharage na mboga za majani. Lengalenga huota vizuri hata kando ya nyumba. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe tu. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku isizidi kijiko 1 cha chai.

Kupungua kilo 2 kwa mwezi kunatosha, msijinyime mlo.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye kifua kikuu wasipunguze chakula. Anayemeza dawa za presha au kisukari asiziache. Amwone mganga kabla ya kuanza.