Mbao za Daka: Kazi ya Seremala na Hazina ya Maneno

Neno baraza linafahamika kwa kila mkazi wa Lubumbashi au Bukavu: ni ile sehemu ya mbele ya nyumba ambapo wageni hukaribishwa. Hata Kifaransa kinachosemwa nchini Kongo kimelipokea kwa sura ya «barza». Pwani ya Afrika ya Mashariki, neno hilo hutaja pia benchi la mawe lililojengwa kando ya mlango. Na kwa kuwa watu huketi hapo wakizungumza, likapata maana ya mkutano. Katika nyumba za kale za Lamu, nchini Kenya, mabaraza hayo yamo ndani ya daka, yaani ukumbi mdogo unaotangulia mlango. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mbao za asili za daka zinavyotengenezwa, na kwa nini inafaa kuzihifadhi badala ya kuzing'oa.

Kwanza tutaje viungo vya mlango. Miimo ni nguzo mbili za kando. Kizingiti ni mti ulalao, kimoja juu na kimoja chini. Mfaa ni ubao usimamao katikati, ukifunika ufa baina ya pande mbili za mlango. Pande hizo hazina bawaba: huzunguka kwa ncha za mbao zilizotiwa katika tundu za vizingiti.

Adui mkubwa wa mbao hizi ni maji. Kuta za Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hunyonya unyevu na kuutoa polepole. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, nao huielekea mbao. Ndipo miimo inapooza kuanzia chini, na mchwa hufuata. Kwa hiyo, anayebadilisha mbao bila kurudisha lipu ya chokaa anafanya kazi bure, kwani mbao mpya itaoza vilevile.

Chanzo cha maji kikiisha kuondolewa, kazi huenda kwa utaratibu ufuatao. Kila kipande hupigwa picha, huchorwa na kutiwa namba kabla ya kuguswa. Seremala huchoma mbao kwa ncha ya kisu ili kupambanua iliyooza na iliyo nzima. Rangi ya zamani huondolewa taratibu, bila moto, na mfanyakazi hufunika pua na mdomo, kwa maana rangi nyingi za kale zina risasi na vumbi lake ni sumu. Kisha hukatwa sehemu iliyooza tu, na mahali pake hutiwa kiraka cha mti wa aina ileile, uliokauka vema, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na za mbao ya kale. Kiungo hukatwa mshazari ili maji yateremke, nacho hukazwa kwa vigingi vya mbao. Misumari ya chuma hushika kutu na kupasua mti. Nakshi za kale hazichongwi upya ili zing'ae: zilizochakaa huachwa jinsi zilivyo, na kiraka hutiwa tarehe upande wa nyuma ili vizazi vijavyo visidanganyike.

Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Hata hivyo, orodha haizuii mvua, wala haimzuii mwenye nyumba mhitaji kuuza mlango wa babu yake na kuweka wa chuma.

Hasara hiyo inawahusu pia wanafunzi wa lugha. Mlango wa chuma hauna mfaa. Na mtoto anayekulia mbele yake hana haja ya neno hilo. Kamusi italihifadhi, lakini kama kitu kilichokaushwa. Seremala anayetia kiraka katika mwimo, akimwambia mwanagenzi wake «nipe mfaa», anahifadhi mti na neno kwa pamoja. Mtafiti wa msamiati na aketi karibu naye maadamu mbao zingali mahali pake.