Konokono Mwenye Mshale: Sumu Inayozima Pumzi

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumzia konokono.

MTANGAZAJI 2: Yule anayekula mboga zetu bustanini?

MTANGAZAJI 1: Hapana, huyu ni wa baharini. Mliokulia Mogadishu, Kismayu au Mombasa huenda mmewahi kumwona. Gamba lake lina umbo la koni ya aisikrimu, lina madoa mazuri, na linaenea kiganjani. Ndiyo maana watoto humwokota.

MTANGAZAJI 2: Kuna ubaya gani?

MTANGAZAJI 1: Konokono huyu ni mwindaji. Jino lake ni kama sindano yenye uwazi ndani. Hulifyatua likamchoma samaki, na samaki hukakamaa papo hapo. Ukimshika, hujihami kwa silaha hiyo hiyo. Aina hatari kuliko zote, Conus geographus, imeshaua watu.

MTANGAZAJI 2: Sumu yake hufanyaje kazi?

MTANGAZAJI 1: Msuli hupokea amri kupitia neva. Pale vinapokutana pana kitu kama kufuli, na amri ndiyo ufunguo. Sumu huziba tundu la kufuli, ufunguo hauingii. Midomo hufa ganzi, kope hulegea, maneno hayatoki sawasawa, kisha misuli ya kupumua husimama. Lakini moyo bado unapiga, na mgonjwa huenda anawasikia.

MTANGAZAJI 2: Na ninyi mnadhani amekufa!

MTANGAZAJI 1: Hilo ndilo kosa kubwa. Sumu hii haina dawa ya kuiondoa. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua kwa mashine mpaka iishe nguvu mwilini. Anayepumuliwa kwa wakati anaweza kupona.

MTANGAZAJI 2: Lakini Kampala haina bahari. Sisi inatuhusu nini?

MTANGAZAJI 1: Konokono wa Ziwa Viktoria hana mshale huu. Ila baadhi ya nyoka wa huku, kama fira wa msituni, wana sumu inayoziba kufuli ile ile. Tena kwa nyoka dawa ipo, kwa hiyo kuwahi ni muhimu zaidi.

MTANGAZAJI 2: Basi tufanye nini?

MTANGAZAJI 1: Sikilizeni vizuri. Mtulize mgonjwa, asitembee. Mguu au mkono ulioumwa usitikisike. Ufungeni kwenye kijiti kama uliovunjika. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mpelekeni kituo cha afya mara moja. Kama ni kwa bodaboda, akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma.

MTANGAZAJI 2: Na pumzi ikikatika njiani?

MTANGAZAJI 1: Simameni, mpulizieni hewa mdomoni, na msiache mpaka mpate msaada. Kama moyo nao umesimama, mkandamizeni kifua pia.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo, kukata pumzi si kufa.

MTANGAZAJI 1: Mwambie na jirani yako.

(Muziki wa kufunga.)